Matone Matatu

Kamusi inasema hii ni vuli.
Sibishani na kamusi, imenizidi kurasa,
lakini vuli niijuayo hunyeshea maharage machanga,
na hii ya Rochdale inanyeshea mapipa ya taka,
majani ya rangi ya shaba yamegandamana njiani
kama barua ambazo hakuna aliyezifungua.

Jumapili walirudisha saa nyuma.
Saa yangu ya mkononi, isomayo Kiswahili,
ilikuwa nyuma yao kwa sita tangu zamani;
sasa hata yenyewe haijui imwamini nani.
Saa kumi na moja, giza.
Nyuma ya kabati ukungu mweusi
unachora ukutani nchi isiyo na jua.

Kikohozi kilianzia kwangu, kikahamia kwa mke wangu,
asubuhi Zahabu akaamka akikoroma kama paka.

Kwa Rukhsana, mfamasia, nilinunua mafuta ya mkaratusi,
kichupa cha urefu wa kidole cha mwisho,
pauni nne na senti.
Mkaratusi! Lushoto tuliukata kuni.
Mama alivunja tawi bila kuuliza bei,
akalitumbukiza sufuriani, akatufunika blanketi,
watoto watatu, mvuke mmoja,
na aliyechomoza kichwa kabla ya mia
alirudishwa ndani kwa kofi.

Rukhsana alikizuia kichupa kwa kidole.
"Una mtoto? Wa umri gani?"
Mwaka na miezi miwili.
"Basi huyo asipakwe, asifukizwe, asilambe.
Mnyonyesheni. Akipumua kwa shida, mbio hospitali.
Na wewe, matone matatu. Si kijiko."

Nilicheka njia nzima. Mama hakuwahi kuhesabu tone.
Nikajifungia jikoni, nikatia saba,
nikainama,
na macho yakashika moto.
Nilitapatapa nikitafuta bomba la maji
huku mke wangu akiuliza mlangoni nimefiwa na nani.
Kumbe kile kichupa ni msitu uliokamuliwa,
miti yote ikigombania mlango mmoja mwembamba.

Ukuta wetu na wa Bi Maureen Ashworth ni mmoja.
Yeye hunisikia nikikohoa, nami namsikia,
usiku tunapokezana kama walinzi.
Jumanne akabisha hodi, mkononi gudulia la jamu
limejaa sharubati nyeusi ya tunda la kando ya mfereji,
dogo kuliko zambarau, kwetu halina jina.
"Lazima lichemshwe," alisema. "Bichi litakutapisha."
Karafuu nilizitambua kabla hajafungua kifuniko.
Nikamuuliza amezipata wapi.
"Dukani," akajibu, akinishangaa.

Kisha akakohoa, akashika fremu ya mlango,
nami nikasema maneno ambayo sikuyapanga:
Ingia, maji yanachemka.

Bakuli moja. Matone matatu, mke wangu akihesabu.
Taulo moja, la kuogea, lenye picha ya pomboo.
Bi Maureen akavua miwani, akaiweka juu ya mkate,
vichwa viwili vikaingia gizani,
cha miaka sabini na tisa na cha thelathini na minne.
Pua yake ilichuruzika bila aibu. Yangu pia.

Muda ukapita.
"Kunanuka kifua cha Harold," akasema.
Sikumjua Harold. Nilijua viatu vyake tu,
ambavyo bado viko kwenye mkeka wa mlangoni kwao.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nilishindwa kupambanua, mle ndani, mgeni ni yupi.

Siwezi kusema tulipona. Kikohozi kilikaa siku tisa,
kikaondoka kilipotaka.
Ila usiku ule nilimwambia sheria ya mama,
kwamba hatoki mtu kabla ya mia,
tukaanza kuhesabu, kila mmoja kwa lugha yake,
midomo karibu na maji.

Kiingereza kina tarakimu fupi.
Alifika mia mimi nikiwa themanini na mbili.

Akaningoja.